Buibui wa Mteremko wa Athanasie

Ukitaka kusalimiana na Zephaniah macho kwa macho, ilibidi uchuchumae. Alitembea ameinama, aliongea ameinama, na hata kanisani, wenzake wakiinua mikono na nyuso juu, yeye alikuwa anaitazama sakafu kana kwamba ina kitu cha kumwambia. Nilizoea kumtania kwamba siku ya kiyama malaika watapita juu ya kichwa chake na tarumbeta zao na yeye hatawaona, atakuwa anaangalia wamekanyaga wapi. Alicheka kidogo na kunijibu, "Dada Winifred, udongo una heri. Hauna maneno mengi kama wewe."

Alikuwa mchimba vyoo. Nalitaja jina hilo hivyo hivyo kwa sababu mwenyewe alilitaja hivyo hivyo, na wanaoona kinyaa waone.

Mimi na yeye ni wa Karagwe. Wazazi wetu waliikimbia Rwanda katika machafuko ya mwaka wa hamsini na tisa na yaliyofuata. Zephaniah alivuka mto Kagera akiwa mtoto wa kushikwa mkono, mimi nilizaliwa ng'ambo. Tulikulia Tanzania, tukasoma kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na Rwanda tuliijua kwa maneno ya wazazi tu, ambao wakianza kuisifu ungedhani mito yake ni ya maziwa. Agosti ya mwaka wa tisini na nne tulirudi, juu ya lori moja la mizigo lililopitia mpaka wa Rusumo. Nasema tulirudi kama wasemavyo wote, ingawa mimi nilikuwa sijawahi kufika. Tulishukia Remera, karibu na uwanja wa mpira wa Amahoro, na tukabaki hapo hapo.

Tuliyoyakuta yanajulikana. Tangu Aprili Watutsi walikuwa wameuawa mchana kweupe, tena wengi kwa mikono ya majirani zao, na waliouawa walikuwa bado wako kila mahali. Wauaji wengi walikuwa wamekimbilia Zaire. Nyumba zilikuwa wazi, mbwa walikuwa wamenenepa. Nami sitazunguka mbuyu: niliingia nyumba ya mtu nisiyemjua, nikalala juu ya kitanda chake, nikateleka birika langu kwenye mafiga yake. Baada ya muda mfupi tu, mtu angepita mlangoni kwangu, akayaona mapazia yangu na sufuria zangu zimeanikwa uani, angeapa kwamba nimezaliwa pale.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa vyoo. Vile vya zamani havikutumika, kwa sababu watu walikuwa wametupwa humo. Kila nyumba ilitaka shimo jipya, na kila shimo jipya lilikuwa pata potea. Jirani yangu Karangwa, dereva wa lori aliyekulia Uganda, aliajiri wanaume wawili wenye misuli. Hawakufika hata kiunoni. Jembe lilitoka na kipande cha kitenge cha maua, na nyuma ya kitenge kitu kingine. Wale wanaume waliyalaza majembe chini polepole, wakaondoka bila kuuliza ujira wao. Karangwa, baba mzima mwenye sauti ya kuogopesha, alikaa kizingitini akalia mbele ya mkewe.

Zephaniah yeye alikuwa na njia yake. Kabla ya kuchimba alitafuta buibui.

Simzungumzii huyu wa ndani ya nyumba, anayefuma utando kwenye dari na kutuchafulia kuta. Namzungumzia buibui wa shimo, anayeishi ardhini, ambaye watu wengi humaliza maisha yao bila kumwona ingawa wanampita kila siku. Mara ya kwanza Zephaniah aliponionyesha mmoja, nilipiga yowe lililosikika mpaka kituo cha basi. Alikuwa mkubwa kama kiganja changu, miguu imetandazwa. Mwili wote una manyoya, rangi ya ugoro, na mgongoni ana mistari iliyotawanyika kutoka katikati kama miale ya jua inavyochorwa na watoto. Miguu yake ni minene, na kila mguu unaishia kwenye kitu laini kama unyayo wa paka. Nyuma ana vijimkia viwili vya kutolea uzi. Macho yake ni mengi lakini yote yamebanana kwenye kinundu kimoja kidogo juu ya kichwa, na kwa wingi wake wote hayamsaidii sana. Huyu husikia kwa miguu. Kombamwiko akikanyaga uzi wake, yeye kule chini anajua.

"Usimpulizie," Zephaniah aliniambia. "Anachukia pumzi ya mtu."

Mimi nani wa kukatazwa? Nikapuliza. Yule buibui alinyanyuka kwa miguu ya nyuma, akainua ile ya mbele juu kama mtu anayetaka kupigana ngumi, na chini ya mdomo nikaona meno mawili meusi, yamepinda kuelekea chini kama mundu. Sikurudia. Zephaniah aliwahi kuumwa na mmoja huko Karagwe akiwa bado mchanga kazini, mkono ukavimba na maumivu yakamfanya amtukane kila mtu aliyekuja kumpa pole, lakini hakufa. Alisema si buibui wa kuua mtu. Ni buibui wa kutaka aachwe.

Na mahali pa kuishi anachagua. Bondeni hayupo, kwa sababu maji ya mabondeni humfuata ndani. Kwenye migomba hayupo, kivuli na unyevu haviwezi. Anataka mteremko wenye nyasi fupi, udongo mgumu unaopata jua, na hasa mahali penye jiwe au shina la nyasi la kuegemea mlango. Mlango wenyewe ni mpana kama mdomo wa kikombe. Umezungushiwa utando mweupe uliokazwa vizuri kama ukosi wa shati, na nje yake ameviacha vigamba vya mende na panzi aliowala, kwa maana ndani hataki taka. Shimo linashuka kwa kulalia upande, kisha linapinda, na pale kwenye kona ndipo anapolala. Dume akishakomaa hutoka kutafuta mke wakati wa mvua, akazurura, akafa. Jike halitoki. Jike hukaa shimo lile lile miaka, likivua ngozi yake nzima na kuitupa nje mlangoni kama mtu anayetupa nguo iliyomkaa vibaya, na kila likivua linaongezeka ukubwa.

Basi hesabu ya Zephaniah ilikuwa nyepesi. Buibui jike mkubwa ni buibui wa miaka. Jike halihami. Kwa hiyo penye shimo la jike kubwa, ardhi haijaguswa kwa miaka, na chini yake hakuna mtu. Alitembea uani kwa watu na bua la nyasi mkononi, akilichomeka kwenye matundu na kulitikisa polepole, mpaka anapata moja ambalo mwenyewe anakuja mbio kukamata bua. Hapo ndipo aliposema, "Chimba hapa pembeni." Alimpatia Karangwa mahali namna hiyo, na shimo likashuka mpaka mwisho, udongo mwekundu safi na mawe tu. Akanipatia mimi. Akawapatia wengine. Watu walianza kumwita kutoka ng'ambo ya barabara, na yeye, mtu wa kuinama, akaanza kuinua shingo kidogo. Nilifurahi kwa ajili yake. Mji ulikuwa umejaa watu wanaojua kuua na watu wanaojua kulia, na huyu wa kwetu alijua jambo la kutusaidia kulala.

Kisha akaja Athanasie.

Athanasie alikuwa mwenyeji hasa, wa kuzaliwa hapo hapo Remera. Mumewe, Eustache, alikuwa fundi cherehani, na walikuwa na nyumba ndogo chini ya mteremko nyuma ya kibanda changu cha chai. Katika ile Aprili walikubaliana watoke mmoja mmoja, kwa sababu wawili wangeonekana. Yeye alitangulia, akatambaa kwenye mitaro ya maji mpaka uwanjani, ambako maelfu ya watu walikuwa wamejificha. Alimngoja Eustache huko. Eustache hakufika. Vita ilipokwisha alirudi nyumbani akakuta kuta tu, mabati yameng'olewa, milango imeng'olewa, cherehani imekwenda. Jirani mmoja mzee, Claudette, alimnong'oneza kwamba amesikia, hakuona, amesikia tu, kuwa Eustache alikamatwa na kufukiwa pale juu ya mteremko, karibu na mawe.

Alikuja kibandani kwangu akamkuta Zephaniah anakunywa chai. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba gauni lilimtangulia kutembea.

"Muzehe," akamwambia, "wanasema wewe iko najua udongo. Mimi nataka bwana yangu. Kama iko kule juu, nataka nimuzike kama mutu."

Hakuwa na jingine duniani alilolitaka. Watoto hawakujaliwa kupata, ndugu zake wa Kabuga walikuwa wamekwisha wote. Alimtaka Eustache tu, hai au mfu, ajue moja.

Tulipanda naye. Mimi nilifuata kwa sababu mwanamke hawezi kuachwa peke yake kwenye jambo kama lile, na, sitajisingizia utakatifu, kwa sababu nilitaka kuona. Mteremko ulikuwa mkavu kabisa. Miezi ya kiangazi ilikuwa imeuoka udongo ukawa mgumu kama tofali, na nyasi zilizokuwa zimeota kwa mvua za masika zilikuwa zimekauka zimelala. Ukikanyaga, kisigino kilirudi juu. Kando ya jiwe kubwa Zephaniah aliinama zaidi ya kawaida yake, akapiga magoti, kisha akachomeka bua.

Alitoka jike ambaye sijaona wa kumfikia. Rangi yake ilikuwa imeiva, ile miale ya mgongoni ilionekana kutoka niliposimama, na ukosi wa mlango wake ulikuwa mweupe na mnene, vigamba vya mende vimelundikana nje.

Zephaniah alikuwa tayari ameshika jembe. Akaliweka begani.

"Mama," alisema, "huyu ni mkubwa. Huyu ni wa miaka. Hapa hapajachimbwa."

"Unasema haiko hapa?"

"Hayupo hapa, mama."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Ilikuwa kama umeme umerudi katika nyumba. Alimshika Zephaniah mikono yote miwili, jembe likaanguka. "Basi usichimbe!" akasema. "Mana yanjye! Mungu wangu! Kama haiko hapa, usichimbe. Alikimbia! Eustache alikimbia!"

Hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza asiwe pale na bado asiwe popote. Ungemwambia wewe?

Tangu siku hiyo Athanasie alikuwa mtu mwingine. Alikwenda Kabuga kuuliza kwa wachuuzi waliokuwa wamejificha upande ule. Alikuwa akisimama njia panda ya Sonatubes na kuyatazama malori ya watu wanaorudi kutoka Burundi na kusini, akipaza sauti, "Eustache, fundi cherehani wa Remera!" na watu wakimtikisia kichwa. Hakukata tamaa. Mtu mmoja alimwambia amesikia kuna fundi wa Remera anayeshona sare za askari huko Byumba, na hilo likamtosha kula wiki nzima. Alianza kunenepa. Alitafuta turubai akaezeka chumba kimoja. Chini ya kifusi cha pembeni, mahali Eustache alipobaki amejificha akingoja zamu yake ya kutoka, alikuta furushi la mashati yake ambalo waporaji hawakuliona, akawa anayafua na kuyarudia kuyafua, ili akija ayakute safi. Aliyaanika kama wanavyoanika wanawake wote wa huku, juu ya nyasi, pale mteremkoni penye jua zuri. Nilipokuwa namimina chai niliweza kuyaona kutoka kibandani, mikono imenyooshwa huku na huku.

Zephaniah naye aliyaona, akatabasamu. Alikuwa mtu mpole ambaye maishani mwake hakuwa amempa mtu chochote zaidi ya shimo, na sasa alikuwa amempa mwanamke mume.

Mvua za vuli zilianza. Novemba hivi, asubuhi moja baada ya mvua kubwa ya usiku, mke wa Karangwa alimwita Zephaniah kuja kuutandaza ule udongo aliouchimbua wakati wa kutengeneza choo chao. Ulikuwa bado umerundikwa uani na ulikuwa unateleza mpaka mlangoni. Nilikuwa nimekwenda kwao kuazima chungio la chai, kwa hiyo nilikuwepo. Zephaniah alipiga koleo mara moja, mara ya pili hakupiga. Akapiga magoti kwenye matope.

Ubavuni mwa rundo, chini ya jiwe alilolitoa yeye mwenyewe shimoni, palikuwa na tundu pana kama mdomo wa kikombe, na ukosi mweupe kulizunguka. Alitafuta bua la nyasi. Akalichomeka, na jike kubwa la rangi ya ugoro likaja mbio, likalikamata bua, likainua miguu ya mbele.

Udongo ule aliuchimbua yeye, Septemba. Buibui yule alikuwa wa miaka.

Sikuelewa mara moja, mimi na chungio langu. Yeye alielewa. Aliongea bila kuniangalia, kama anayejisomea. "Maji yamemtoa. Shimo lake la zamani limejaa maji, akatafuta mahali palipo juu, penye udongo laini. Udongo laini anauchimba upesi, dada. Kule kwetu sikuona hivi. Kule hakuna aliyeupindua udongo wakati wa masika."

Hapo nami nikaelewa. Alikuwa ameusoma umri wa mpangaji akadhani ni umri wa nyumba. Aprili mvua ilikuwa kubwa, kila aliyekuwepo anasema hivyo. Pale penye jiwe watu walichimba na kufukia, udongo ukabaki laini, na yule buibui, aliyefukuzwa na maji huko chini, akapanda akajichimbia chumba. Nyasi zikaota. Kiangazi kikaja kikapaoka pote. Kisha Agosti tukashuka sisi kutoka kwenye lori letu, tukatazama, tukaona mahali pa zamani, pa amani, palipokaliwa siku zote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Labda sivyo," nilimwambia. "Huyu kahama, yule wa kule labda hakuhama."

"Labda."

"Basi nyamaza. Zephaniah, sikiliza. Yule mama anakula. Analala. Ukimwambia utamuua mara ya pili. Mwache na malori yake ya Sonatubes, siku moja atachoka mwenyewe, polepole."

Alisimama, matope magotini. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinitazama usoni, na macho yake yalikuwa mekundu. "Dada, anaanika nguo juu yake."

Nilimfuata nikimtukana njia nzima. Nilimwita mkaidi, nilimwita mbeba habari za msiba, nilimwita jina la mbuzi. Jua lilikuwa limetoka baada ya ile mvua, na Athanasie alikuwa amekwisha kuyatandaza mashati, yuko chini mlangoni anakamua la mwisho. Zephaniah alipita bila kusalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapanda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe. Akainama. Akaokota shati moja, akalikunja. Akaokota la pili.

"Muzehe!" Athanasie aliita, akicheka. "Kwa nini unaondoa nguo yangu? Haijakauka."

Aliokota la tatu, akalikunja vizuri, kola juu, kama linavyokunjwa dukani.

Athanasie aliacha kucheka. Alipanda taratibu, lile shati la mwisho likidondosha maji mkononi mwake. Alimtazama Zephaniah, akanitazama mimi. Mimi, mwenye maneno mengi kuliko udongo, nikayatazama yale mashati.

"Mbabarira, mama," Zephaniah alisema kwa Kinyarwanda, nisamehe, kisha akaendelea kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho alichokiweza zaidi. "Nilikosea. Buibui wanahama. Inabidi nichimbe."

Alimpiga. Alimpiga kwa lile shati lililolowa, usoni, shingoni, mabegani, tena na tena. "Ulisema! Wewe ulisema haiko hapa! Mimi nilikuuliza! Ulisema!" Zephaniah alisimama ameinamisha kichwa, akiwa ameyashika yale mashati matatu kifuani ili yasianguke kwenye matope. Alimpiga mpaka mkono ukachoka, akaketi chini kwenye nyasi, akasema neno moja.

"Chimba."

Nilikwenda kumwita Karangwa na mkewe, na wengine wachache wakaja. Zephaniah alianza mbali kidogo na tundu, akichimba kwa upole. Udongo ulikatika kirahisi sasa, umelainika kwa mvua. Chumba cha buibui kilibomoka na yule jike akatoka nje, mkubwa, ameloa, akakimbia kidogo na kusimama katikati yetu, miguu ya mbele juu, hajui amgeukie nani. Wanawake walirudi nyuma. Karangwa alinyanyua koleo ampondeponde.

"Wacha," Athanasie alisema, akiwa bado ameketi. "Huyu hakuua mutu."

Karangwa aliishusha koleo. Buibui alitambaa akapotea kwenye nyasi za upande wa pili, na hakuna aliyemfuata.

Eustache alikuwa pale. Hakuwa amefukiwa kina kirefu. Hakuwa peke yake pia, walikuwa watatu, na wale wengine wawili Athanasie hakuwajua. Athanasie alimtambua mumewe kwa sweta, kwa maana alikuwa amelifuma mwenyewe na alijua mahali alipokosea. Aliligusa mahali pale kwa kidole. Hakupiga kelele. Mke wa Karangwa ndiye aliyelia, kwa sauti, kwa niaba yake na pengine kwa niaba ya yule wa kitenge cha maua.

Nilimchukia Zephaniah siku ile, nakiri hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyohisi, na nilimhurumia kwa moyo ule ule. Alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, mikono juu ya magoti. Alama za shati zilikuwa bado nyekundu shingoni mwake. Athanasie alimjia, sote tukidhani anakwenda kumpiga tena.

"Muzehe," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira wala msamaha, "wewe hukuwa hapa. Ulijua nini?"

Sikumsikia mtu akitujibu vizuri zaidi ya hapo, sisi wote tulioshuka kwenye malori. Zephaniah alipokea yale maneno kama mtu anayepokea mzigo wake halali.

Tulikubaliana kuwazika wote watatu pamoja, juu zaidi, mahali pa wazi penye kutazama nyumba, kwani wale wawili nao walikuwa watu wa mtu. Karangwa alileta mablanketi. Watu walitaka mchimbaji mwingine, wakaanza kumtaja fulani na fulani. Athanasie akakataa. Alisema achimbe huyu huyu.

Zephaniah alipanda na jembe mpaka mahali alipoonyeshwa. Palikuwa na nyasi fupi, udongo wa jua, jiwe la kuegemea. Athanasie alisimama mbele yake, akapakanyaga kwa mguu, akamwuliza kama alivyokuwa akiulizwa na kila mtu mjini tangu Agosti.

"Hapa hakuna mutu?"

Hakuinama kutafuta tundu. Hakuchuma bua. Aliutazama ule udongo, kisha akamtazama yeye.

"Sijui, mama," alisema. "Tutajua tukichimba."

Akaliweka jembe kando, akapiga magoti, akaanza kuufukua kwa mikono.